Fundi Anajibu: Nati na Nobu Zilizogoma Kwenye Uso wa Redio za Zamani

Barua nyingi zilizonifikia tangu masika yaanze zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: kifaa kilichofungwa kwenye uso wa redio au amplifaya ya zamani, iwe nobu, voliumu, swichi au tundu la kuchomekea, kimegoma kutoka, na mwenye mali anaogopa kwamba akiongeza nguvu ataharibu kile anachotaka kukiokoa. Hofu hiyo ni ya haki. Voliumu nyingine utaipata ukitafuta, lakini uso wa alumini uliopigwa maandishi kiwandani miaka ya 1970 huupati tena, na mkwaruzo mmoja wa koleo utabaki pale maisha yote ya chombo. Kwa hiyo katika majibu yote yafuatayo nimeshika msimamo mmoja: tunaokoa uso kwanza, kifaa baadaye, na nati ndiyo ya mwisho kuhurumiwa.

*

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu baba ameniachia amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1970. Voliumu inakwaruza kila nikiizungusha, nami nataka kuifungua niisafishe. Nimekwama hatua ya kwanza kabisa, kwa sababu nobu kubwa haitoki. Nilijaribu kuinyanyua kwa bisibisi bapa, nikaona uso unaanza kubonyea, nikaacha. Nifanyeje? (Msomaji wa Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa. Umefanya vyema kuacha, maana bisibisi inapata nguvu yake kwa kuegemea mahali, na hapo mahali penyewe ni uso wa amplifaya ya baba yako.

Kabla ya kuvuta chochote, hakikisha nobu haijafungwa kwa skrubu. Chomoa waya wa umeme ukutani, washa tochi, kisha zungusha nobu polepole kutoka mwanzo hadi mwisho huku ukiangalia ubavu wake wote, pamoja na upande wa chini ambao huuoni mpaka ugeuze chombo. Ukiona kitundu, ndani yake mna skrubu ndogo isiyo na kichwa, na kwenye nobu kubwa huenda ziko mbili, zimeachana kwa robo ya duara. Wengi hulegeza moja, wakafurahi, wakaanza kuvuta, na ile ya pili ikawapindia shafti.

Chagua alenkii, yaani ufunguo wa pembe sita wa skrubu hizo, kwa makini kuliko unavyodhani inahitajika. Vyombo vya Japani kwa kawaida huchukua alenkii ya milimita 1.5 au 2, na vya Marekani huchukua ya inchi 1/16 au 5/64. Inchi 1/16 ni karibu milimita 1.59, tofauti ambayo macho hayaioni, lakini skrubu inaijua: ukiingiza alenkii ya 1.5 mle ndani itaingia vizuri, itacheza kidogo, kisha itakula pembe zote sita, na kazi ya dakika moja itakuwa ya siku nzima. Alenkii sahihi huingia kwa kubana na haitikisiki. Ikiwa skrubu imeshikwa na gundi ya kiwandani, gusisha ncha ya pasi ya kulehemu kwenye skrubu yenyewe kwa nusu dakika, au muda mfupi zaidi ikiwa nobu ni ya plastiki, halafu ujaribu tena ingali na moto.

Kama hukuona kitundu chochote, nobu yako ni ya kusukumiwa tu. Imekaa juu ya shafti yenye meno madogo madogo, au iliyochongwa bapa upande mmoja, na kinachoizuia ni kutu na grisi ambayo katika miaka 50 imegeuka gundi. Dawa yake ni kuivuta sawasawa pande zote kwa wakati mmoja. Mimi natumia ukanda wa khanga kuukuu, upana wa vidole viwili. Naupitisha nyuma ya nobu kuanzia juu, nauzungusha ushike pande zote mbili, nakusanya ncha zake mbele ya nobu, halafu navuta kuelekea kifuani mwangu kwa kufuata mstari wa shafti. Nobu ikiwa imekaribiana mno na uso kiasi kwamba ukanda haupiti, tangulia na uzi wa kusafishia meno, ambao hupenya mahali pembamba, kisha utumie uzi huo kuvutia kamba ya kiatu iliyo bapa. Ikigoma bado, ipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika mbili na uvute tena. Nobu iliyoganda miaka mingi haitoki kwa kishindo, inasogea nusu milimita, inasimama, inasogea tena. Ukihisi msogeo huo wa kwanza usiongeze nguvu, endelea na nguvu ile ile.

Nobu ikishatoka utaikuta nati, na hapa nina ushauri mmoja ambao sijaona ukiandikwa popote kwa Kiswahili. Nati za voliumu ni nyembamba sana, na soketi nyingi za dukani zimechongwa mdomoni kwa ndani ili ziingie kwa urahisi kwenye nati nene za gari. Ule mchongo unaacha nati nyembamba ikishikwa kwa ncha tu, na ndipo soketi inaporuka na kukwaruza uso. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kunolea, akusagie mdomo wa soketi hadi uwe bapa kabisa. Tenga soketi moja ya milimita 10, moja ya 11 na moja ya 12 kwa kazi hii peke yake, na ya nusu inchi ukipata vyombo vya Uingereza au Marekani. Chini ya soketi weka jalada gumu la daftari lililotobolewa katikati, ili hata mkono ukiteleza kinachokwaruzwa kiwe ni karatasi.

Nimalizie kwa jambo ambalo pengine lingetangulia. Voliumu inayokwaruza mara nyingi haihitaji kutolewa kabisa. Fungua kifuniko cha amplifaya, tazama nyuma ya voliumu, na utaona uwazi mdogo karibu na miguu yake. Puliza humo dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, kiasi kidogo tu, kisha zungusha shafti mwanzo hadi mwisho mara 30. Isubiri ikauke kabla hujawasha. Ikiendelea kukwaruza baada ya hapo, ndipo uanze safari ya nati.

*

SWALI: Mwalimu Fundi, mimi ninajifunza ufundi hapa Moshi. Nimeletewa redio ya valvu kutoka kwa babu yangu mdogo wa Marangu, ambaye aliitumia Tanga kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nati ya voliumu imeganda kabisa. Nimepulizia WD-40, nikasubiri saa moja, nikazungusha kwa koleo, ikateleza. Pembe za nati zimeanza kulika. Je, nitumie nguvu zaidi au nikate? (Msomaji wa Majengo, Moshi)

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo mawili kwanza. Ngoja tutazame kinachoishikilia.

Umesema redio imeishi Tanga, na hapo ndipo jibu lilipo. Nati ni ya chuma, shingo ya voliumu ni ya shaba au ya aloi ya zinki, na vyote viwili vimebana bati au alumini. Metali tofauti zinapogusana mahali penye unyevu wa chumvi kama ule wa pwani, mkondo mdogo wa umeme hupita kati yake na metali moja huanza kulika kwa ajili ya nyingine. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka nati ndio mabaki ya metali iliyolika, nao umejaa ndani ya nyuzi za nati kama saruji. Huwezi kuushinda unga huo kwa msuli, na saa moja ni muda mfupi mno kwake.

Kabla hujaongeza mafuta, ninakuomba uangalie usalama wako, kwa sababu redio ya valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, si ya kuchezea. Baadhi ya redio hizo hazina transfoma ya umeme, na chasisi yake imeungwa moja kwa moja na waya mmoja unaotoka ukutani. Redio ya namna hiyo ikiwa imewashwa, shafti ya voliumu iliyo wazi, au hata skrubu ndogo ya nobu, inaweza kuwa na volti 230 kamili. Ndiyo sababu viwanda vya wakati huo vilifukia skrubu za nobu ndani kabisa na kuziba vitundu kwa nta. Ukikuta nta hiyo usidhani ni uchafu. Itoe kwa kijiti, fanya kazi yako, na unaporudisha nobu uizibe tena kwa nta ya mshumaa. Kamwe usiijaribu redio hiyo ikiwa haina nobu. Chomoa plagi yenyewe ukutani, usitegemee swichi, kwa kuwa swichi nyingi za zamani hukata waya mmoja tu na huenda ule wa moto ukabaki. Kisha pima kapasita kubwa kwa mita. Katika redio za valvu zinabeba volti 200 hadi 300, na zinaweza kushika chaji baada ya umeme kuchomolewa. Zitoe chaji kupitia rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye maganda mazuri, usizigongee bisibisi, na upime tena hadi mita isome chini ya volti 10.

Sasa mafuta. WD-40 ni nzuri kwa kufukuza unyevu, lakini kwa kutu iliyoganda mafuta maalumu ya kupenya kutu hufanya kazi vizuri zaidi. Shida ni kwamba mafuta hayo yakifuata shafti yataingia ndani ya voliumu na kuharibu njia yake ya kaboni. Kwa hiyo kilaze chombo kifudifudi juu ya blanketi, uso ukiangalia chini, ukingo wake umenyanyuliwa kwa vitabu viwili ili mkono wako ufike. Weka mafuta kwa ncha ya kijiti cha meno, tone moja penye mpaka wa nati na shingo. Tone hilo litavutwa na wembamba wa nyuzi zenyewe, na litakalozidi litadondoka chini badala ya kuingia ndani. Rudia asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu. Kila unaporudia, gonga nati kidogo kwa mpini wa bisibisi, kwa nguvu ndogo tu kama unagonga kwa mgongo wa kidole, kwa sababu mtikisiko hupasua unga ule na kufungua njia ya mafuta.

Siku ya tatu, futa mafuta yote yaliyo juu, kisha pasha nati moto kwa pasi ya kulehemu yenye ncha pana, iliyotiwa risasi kidogo ya kulehemu ili joto lipite vizuri. Dakika moja inatosha. Acha ipoe. Pasha tena, acha ipoe. Kinachofanya kazi hapo ni kule kutanuka na kusinyaa: metali mbili hazitanuki kwa kiasi kimoja, na kila mzunguko wa moto na baridi unavunja sehemu ya ule ugando. Ukishafanya hivyo mara tatu, vaa soketi ile iliyosagwa mdomo niliyoieleza hapo juu na, kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo sana, kiasi cha unywele. Nati ikikubali kusogea upande mmoja, upande wa pili nao utakubali.

Wakati wote huo mkono wako wa pili uwe nyuma, umeshika mwili wa voliumu. Jambo hili nimelijifunza kwa gharama. Miaka mingi iliyopita, hapa Arusha, nilizungusha nati ya amplifaya ya mteja nikafurahi kuona inazunguka kwa urahisi. Haikuwa nati peke yake, voliumu nzima ilikuwa inazunguka nayo. Kile kijino kidogo kinachoingia kwenye tundu la pembeni ili kuizuia isizunguke kilikuwa kimevunjika zamani, nami sikuchungulia nyuma. Nilipofungua kifuniko nilikuta nyaya zimekatika, na vipande vya njia za shaba vimebanduka kutoka kwenye bodi. Ilinichukua juma zima kurudisha, na sikuwa na uso wa kumdai yule mteja hata senti moja. Tangu siku hiyo mkono wangu wa kushoto hauachi kushika nyuma.

Ikiwa pembe za nati zimeisha na hakuna soketi inayoshika, ndipo tunapoitoa nati sadaka. Bandika tabaka tatu za tepu ya karatasi kuzunguka, juu yake weka kipande cha bati jembamba kilichotobolewa kupita juu ya nati, kisha kwa tupa ndogo yenye ncha punguza upande mmoja wa nati hadi ukaribie nyuzi. Usizifikie. Nati ikishakuwa nyembamba kama karatasi upande huo, ingiza bisibisi ndogo kwenye mfereji uliouchonga na uzungushe kidogo, itapasuka yenyewe na kuachia. Shingo ya voliumu huwa inasalimika, na babu yako atapata redio yake ikiwa na uso ule ule aliouzoea.

*

SWALI: Swichi ya kijiti kwenye amplifaya yangu ya gitaa imefungwa kwa nati ya duara isiyo na pembe, ina mikato miwili tu. Nimejaribu koleo la mdomo mrefu na linateleza. Kuna kifaa chake? (Msomaji wa Ngarenaro, Arusha)

JIBU: Kipo, lakini usikitafute, kitengeneze. Koleo la mdomo mrefu likiteleza huchora nusu duara kwenye uso, na nimeziona nyingi za namna hiyo zikiletwa mezani kwangu. Tafuta kwenye vyuma chakavu kipande cha bomba la chuma, urefu wa kidole, ambacho tundu lake linapita juu ya kijiti na shingo ya swichi na ukingo wake unakalia nati. Pima upana wa mikato kwa kipande cha karatasi, kisha kwa tupa kata ukingo wa bomba na ubakize meno mawili yanayotazamana, yaingie kwenye mikato hiyo bila kucheza. Toboa upande wa pili, pitisha msumari wa inchi 3 uwe mpini. Unapozungusha, kandamiza kwa kiganja kuelekea uso. Kazi nzima ni saa moja, na kifaa hicho utamwachia mwanao.

*

SWALI: Fundi, matundu ya kuchomekea nyaya za kaseti nyuma ya amplifaya yameshika kutu ya kijani, nayo hayana nati wala skrubu, yamepigwa ribiti. Nitayatoaje bila kuharibu bati? (Mama mmoja wa Tengeru)

JIBU: Mama, ribiti hazifunguliwi, zinatobolewa. Ribiti hizo mara nyingi zina uwazi katikati, nao utaiongoza drili. Tumia ncha kubwa kidogo kuliko uwazi huo, kwa kawaida milimita 3 au 3.5, na mwendo wa polepole. Lengo ni kula kichwa cha ribiti tu, siyo kupanua tundu la bati. Ribiti ikianza kuzunguka na drili, simama, maana haitobolewi tena bali inasugua. Ishike kwa nyuma kwa koleo, au itilie tone la supaglu, isubiri, kisha uendelee.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vumbi la chuma. Punje moja ya alumini ikilala kati ya njia mbili za bodi yaweza kuunguza transista za mwisho, zile zinazoendesha spika, siku utakayowasha. Kabla ya kutoboa, funika bodi yote kwa gazeti lililobandikwa kingo zake kwa tepu, na simamisha chombo ili vumbi lidondoke nje. Wengine hupitisha sumaku wakidhani wamemaliza, lakini sumaku haikamati alumini wala shaba. Tumia brashi laini, kisha kipande cha tepu chenye gundi kukusanya kilichobaki.

Unaporudisha matundu mapya kwa skrubu za milimita 3, angalia kama yale ya zamani yalikaa juu ya kipande cha bakelaiti au karatasi ngumu kilichoyatenga na bati. Kama kilikuwepo, kirudishe. Ukiacha metali iguse bati mahali ambapo kiwanda hakikukusudia, utapata mngurumo kwenye spika na utautafuta mwezi mzima ndani ya saketi wakati uko nyuma ya chombo.

*

SWALI: Swichi ya umeme ya deki yangu imeingia kwenye uso kwa kubanwa na masikio ya plastiki. Jirani ameniambia nitumie dawa ya kuondolea rangi ya kucha ili ilainike itoke. Nimejaribu pembeni kidogo, maandishi yameanza kufutika. Niendelee? (Msomaji wa Kiboriloni, Moshi)

JIBU: Usiendelee, ndugu yangu. Dawa hiyo nyingi ina asetoni, na asetoni huondoa maandishi yaliyochapwa na huyeyusha aina nyingi za plastiki, pamoja na ile ambayo nyuso nyingi za deki zimetengenezwa nayo. Futa mara moja kwa kitambaa kikavu, na usisugue. Herufi zilizokwisha kutoka hazirudi, lakini zilizobaki bado unaweza kuziokoa.

Plagi ikiwa imechomolewa, fungua nyuma, piga picha ya nyaya kwa simu, zitoe, kisha tazama ubavu wa swichi. Utaona masikio mawili yaliyofunguka kama mbawa nyuma ya uso. Yabonyeze ndani kwa vipande viwili vya rula nyembamba ya chuma, kimoja kila upande, na mtu wa pili asukume swichi kutoka nyuma kwa kidole gumba. Yakiwa yamekauka hayatapinda, yatavunjika. Yaache yavunjike. Hata ukilazimika kuikata swichi vipande vipande kutokea nyuma kwa koleo la kukatia, ikate, maana ya badala ipo. Kabla ya kwenda dukani pima urefu na upana wa tundu, pima pia unene wa uso, kwa kuwa masikio ya swichi hutengenezwa kwa unene fulani na yakizidi swichi italegea. Beba ile ya zamani mfukoni, na usikubali kupewa isiyoandikwa volti 250 na ampea zisizopungua zile za mwanzo.